Kelele ya Kresta Nyeupe

Fundi Shimba alikuwa ameletewa chai ya maziwa na maandazi mawili, na mpaka saa tatu asubuhi alikuwa hajagusa chochote. Inspekta Odeta Kashindye alivuta kiti, akakaa mbele yake na kufungua faili.

"Unasusa chakula cha serikali?"

"Wabeja, asante, afande. Sina njaa tu."

"Kesho asubuhi faili hili linakwenda kwa wakili wa serikali. Likienda kama lilivyo, utashtakiwa kwa kumuua Rahim. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye viganja vipana ambavyo grisi ilishahamia humo na kukataa kuondoka. Pasiansi nzima, mtaani kwake, walimsifu kwa mambo mawili, kwamba si mwongo na si mlevi. Fundi wa magari mwenye sifa zote mbili kwa pamoja unaweza kumtafuta Mwanza hii mpaka soli za viatu zikaisha.

Lakini faili lilikuwa na maneno yake. Alhamisi iliyopita, saa kumi na moja jioni, Rahim, mwenye duka la vipuri mjini, alikuwa akirudi kutoka Igombe kununua sato, kama alivyofanya kila Alhamisi. Kwenye kona ya mawe, gari lake, Kresta nyeupe ya mwaka tisini na nne, liliacha barabara na kujibamiza kwenye jiwe. Alikufa palepale. Koplo Revocatus, mkaguzi wa magari, alipoingia uvunguni alikuta kitu kimoja hakipo, nacho ni stabilaiza ya mbele. Haikuvunjika. Nati zake zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, taratibu, na mtu aliyejua anachofanya.

Na gari lile kwa miaka kumi na minne lilikuwa na fundi mmoja tu, Shimba. Huyo huyo, kabla Rahim hajamwoa Yasmin, alikuwa amepeleka barua ya posa kwa baba yake Yasmin, ikarudishwa bila kufunguliwa. Yeye Mkristo wa Kisukuma, wao Waislamu wa mjini, na baba mtu hakuona sababu ya kupoteza muda kusoma. Kwa polisi mvivu, kesi ilikuwa imekwisha.

"Tuanze na chuma chenyewe," Odeta alisema. "Kazi yake nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Shimba alinyanyua uso.

"Ni chuma kirefu, afande, kimepinda kama upinde. Kinapita chini kutoka tairi hili mpaka lile. Ukikata kona, gari linataka kulala upande wa nje. Kile chuma ndicho kinalikatalia."

"Ukikitoa?"

"Linalala zaidi. Basi."

"Basi tu?"

"Simama hapo nje uangalie magari ya zamani yanavyopita. Nusu yake hayana. Barabara mbovu zinakula bushi, vile vimpira vinavyoshika chuma, chuma kinaanza kugonga, mwenye gari anachoka na kelele, fundi anakitoa. Wanaendesha hivyohivyo mpaka wanazeeka."

"Na wewe ukakitoa."

"Sikukitoa."

"Jumatatu gari lilikuwa gereji kwako. Majirani wawili wameliona juu ya jeki."

"Lilikuwa kwangu. Yasmin alilileta, linagonga. Nikafungua tairi, nikaona bushi zimekwisha. Nikamwambia arudi Jumatano."

"Kwa nini si siku ileile?"

"Bushi nilikuwa sijazikata."

Odeta aliacha kuandika. "Kuzikata?"

"Huwa nazikata mwenyewe. Kwa tairi kuukuu la lori."

"Mume wake ana duka la vipuri, Shimba. Bushi mpya zimejaa rafuni. Wewe unamkatia mke wake tairi?"

Shimba aliitazama chai.

"Za tairi zinakaa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Na za dukani?"

"Miaka."

"Sasa nijibu. Kwa nini?"

"Andika unavyotaka, afande."

Ilikuwa mara ya tatu tangu Jumamosi kutoa jibu hilo, na mara zote tatu alilitoa alipofikishwa kwenye bushi. Mtu aliyeua angenyamaza kwenye chuma. Huyu alisema yote kuhusu chuma, akanyamazia vipande vya mpira. Odeta alifunga faili, akamwachia chai yake.

Koplo Revocatus alikuwa mtu wa kulala chini ya gari kuliko kukaa na watu, na ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu habari za shokapu. Alikuwa ameazima Kresta ya aina ileile kwa mwalimu mmoja, iliyonyanyuliwa kwa spesa kwenye springi kama ile ya Rahim ili isikwaruze mawe, na kuipeleka kwenye kiwanja kilichosawazishwa kando ya barabara ya Igombe. Mapipa manne matupu aliyapanga kwa mfano wa ile kona.

"Mafundi wanabishania stabilaiza tangu niko chuo," alisema huku akifuta mikono. "Wengine wanasema bila hiyo gari ni jeneza. Wengine wanasema ni pambo. Wote wana haki nusu. Panda uone, afande. Nimetoa zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Nenda hamsini."

Odeta alikwenda hamsini. Kwenye pipa la kwanza gari lililala kama boti lililopakiwa samaki upande mmoja. Bega lake liligandamizwa kwenye mlango, na mguu ukatoka kwenye mafuta kabla hajauamuru. Alipita mapipa yote kwa kuyumba, lakini alipita.

"Umeona?" Revocatus alimpokea. "Linakutisha, unapunguza mwenyewe. Ndiyo maana watu wanazeeka nalo."

Kisha akaingia uvunguni, akarudisha stabilaiza ya nyuma peke yake. Ya mbele akaiacha chini, kwenye majani.

"Sasa nenda tena. Mwendo uleule."

Safari hii gari lililala kidogo tu. Odeta alijisikia nafuu, akaingia kona kwa ujasiri, na katikati akaachia mafuta kidogo. Hapo mkia ukaondoka. Nyuma ya gari ilikimbilia nje bila taarifa, usukani ukawa mwepesi mikononi mwake kama si wa gari hilo, pipa likaruka, na vumbi likameza kila kitu. Liliposimama lilikuwa linatazama lilikotoka.

Revocatus alikuja anatembea, hana haraka. "Pole, afande. Ndivyo lilivyokuwa la marehemu. Ya mbele haipo, ya nyuma ipo. Alama za matairi kule konani zinasema hivyohivyo, za nyuma zimepita nje ya za mbele. Na yeye ile kona kaikata kila Alhamisi miaka nenda rudi, mwendo mmoja, gari moja. Mwili ulishazoea. Hakujua kwamba gari si lile tena."

Odeta alishuka na kujikung'uta. "Fundi anayetaka kuua angefanya hivi?"

"Wapi! Angelegeza nati za tairi akaenda zake nyumbani. Hii ni ya kubahatisha. Mimi nikikuta kazi ya namna hii namwona mtu aliyekuwa anafuata kelele. Ya mbele inagonga, ya nyuma hailii. Katoa inayogonga, kafunga kazi."

"Na kelele ikiisha, gari halirudi gereji."

"Lifuate nini?"

Odeta alibaki amesimama juani. Kumbe jibu la Shimba lilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. Fundi ana bushi za miaka zinazouzwa mjini, naye anaweka za miezi mitatu. Haweki hivyo kwa ujinga, maana si mjinga. Anataka gari lianze tena kugonga. Anataka mwenye gari arudi, akae kwenye benchi lake wakati anafungua tairi, halafu aondoke, halafu arudi tena. Miaka kumi na minne. Katika Mwanza nzima, mtu wa mwisho ambaye angeitoa stabilaiza ile alikuwa ni Shimba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimletea Yasmin.

Na hilo, kwa wakili wa serikali, halikuwa ushahidi. Lilikuwa hadithi ya mapenzi tu. Alihitaji mtu wa kusema ni nani basi aliyeitoa.

Dukani mjini, Iqbal, mdogo wake Rahim, alikuwa nyuma ya kaunta, macho mekundu.

"Mmemfunga?"

"Bado. Nioneshe bushi za stabilaiza za Kresta."

Iqbal alishusha boksi. Lilikuwa na vumbi la kuandikia jina.

"Shemeji yako aliwahi kuja kuchukua?"

"Hata moja. Tulikuwa tunamtania kaka kwamba mkewe haviamini vipuri vyake."

"Alikuwa anacheka?"

"Zamani alicheka." Iqbal alifikiri. "Jumanne nilimtania, hakucheka. Siku hiyo alichelewa, alifika saa nane mchana kwa bodaboda. Gari aliliacha."

"Aliliacha wapi?"

"Sikuuliza. Nilijua liko kwa huyo muuaji wenu."

Odeta alifungua faili kwenye ukurasa wa maelezo ya mjane. Yasmin alikuwa amesema Jumatatu alikwenda Pasiansi, na Jumanne na Jumatano gari lilikuwa nyumbani, halikutoka. Odeta alitoa karatasi ya simu za marehemu. Jumanne, saa mbili asubuhi, Rahim alipiga namba ambayo hakuwahi kuipiga kabla wala baada. Odeta aliipigia mstari, akaondoka kwenda Buswelu, nyumbani kwa marehemu.

Nyumba ya msiba ilikuwa imeshatulia. Turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudishwa, na mlangoni vilibaki viatu vya kike tu. Yasmin alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi asizotoka wala kuonana na wanaume wa kando. Odeta ndiye polisi pekee wa kituo aliyeweza kukaa naye chumbani, na hilo alilijua tangu alipokabidhiwa faili.

"Pole tena, dada Yasmin."

"Nimeshapoa, Inspekta. Karibu."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, amevaa dera jeupe, hana hereni wala wanja. Alikuwa bado mzuri, uzuri wa mtu ambaye ameacha kuushughulikia.

"Jumanne gari lilikuwa wapi?"

"Nilishasema. Hapa nyumbani."

"Iqbal anasema Rahim alifika dukani kwa bodaboda na gari alikuwa ameliacha mahali. Na hii namba kaipiga saa mbili asubuhi. Naweza kuipiga sasa hivi. Lakini nimetaka nikusikie wewe kwanza."

Yasmin alizitazama tarakimu.

"Shimba amesema nini?"

"Tuandike tunavyotaka. Nikimuuliza habari za bushi, hilo ndilo jibu lake."

Yasmin alifumba macho.

"Anaweza kufungwa kwa kunyamaza huko?"

"Anaweza kunyongwa."

"Nikisema, lazima jina langu liandikwe?"

"Lazima. Na pengine lisomwe mahakamani, watu wakiwa wamejaa."

Chumba cha pili mtu alikohoa. Ni Bi Mwanabaraka, mama yake Rahim, ambaye tangu siku ya mazishi alikuwa akiuliza kila askari anayeingia kama yule Msukuma ameshahukumiwa. Yasmin aligeuza kichwa kuelekea kikohozi kile.

"Mwite mama mkwe wangu," alisema. "Asije akayasikia kwa majirani."

Bi Mwanabaraka aliingia taratibu, akasaidiwa kukaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea habari ya kunyongwa kwake?"

"Hapana mama. Mkweo ana maneno."

Yasmin hakumtazama yeyote. Alizungumza akiwa ameelekea ukutani, kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Jumatatu nilirudi kutoka Pasiansi na gari bado linagonga. Rahim alikuwa barazani. Akaniuliza, limetoka kwa fundi na bado linalia? Nikasema kaniambia nirudi Jumatano. Akaniangalia. Miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kuniangalia vile. Asubuhi yake akachukua funguo, akalipeleka kwa fundi anaitwa Paulo, kule Buhongwa, upande mwingine kabisa wa mji, ambako hakuna anayelijua gari letu. Jioni akalirudisha liko kimya. Nikamuuliza kafanya nini. Akasema, nimemwambia atoe kila kinachogonga, huna haja ya kwenda tena."

Kalamu ya Odeta ilikuwa ikikimbia. "Kwa nini hukuyasema haya Ijumaa?"

"Ungeniuliza kwa nini mume wangu hakutaka niende."

"Nakuuliza sasa."

"Kwa sababu zile bushi zilikuwa za kukatwa, na mimi nilijua. Mimi ni mke wa mwenye duka la vipuri, Inspekta, bushi naijua. Siku ya kwanza alipoziweka niliziona mkononi mwake, nikajua zitakwisha upesi, nikajua na kwa nini kaziweka. Sikusema kitu. Nilikuwa nakwenda, nakaa kwenye benchi lake saa moja. Ananiuliza watoto hawajambo? Namwambia hawajambo. Anafunga tairi, naondoka. Wallahi hakuna zaidi ya hapo. Halafu narudi nyumbani, nasubiri gari lianze kulia. Nilikuwa nasikiliza kila shimo la barabara."

Bi Mwanabaraka alikuwa amekunja pindo la kanga mkononi.

"Ulimkosea mwanangu?"

"Kwa mwili hapana, mama. Kwa moyo, kila baada ya miezi mitatu."

"Naye alijua?"

"Alijua Jumatatu ile. Alikuwa mtu mwema. Hakunipiga, hakunitukana, hakumfuata mtu gereji. Alitaka tu kelele iishe."

Mama yule alilia bila sauti, machozi yakipita kwenye mikunjo ya uso, na hakuna aliyemsogelea. Mwishowe alijifuta.

"Andika, binti," alimwambia Odeta. "Andika yote. Mtoto wa watu asife kwa siri ya nyumba yangu."

Akaomba kunyanyuliwa, akarudi chumbani kwake. Mlango ulifungwa polepole.

Odeta alipiga ile namba palepale, simu ikiwa kwenye kipaza sauti. Mlio wa tupa ulisikika nyuma ya aliyepokea.

"Fundi Paulo wa Buhongwa? Naitwa Inspekta Odeta, polisi. Jumanne ya wiki iliyopita ulitoa stabilaiza ya Kresta nyeupe. Iko wapi?"

Tupa ilinyamaza.

"Ipo hapa, afande. Naegemezea geti."

"Ina bushi?"

"Ina vimpira vya tairi, bado vimo. Nilimwambia bosi, wewe mwenyewe unauza bushi, tubadilishe tu, kazi ya nusu saa. Akakataa. Akasema toa. Nikamuuliza, na ya nyuma? Akasema, ya nyuma inagonga? Nikasema haigongi. Akasema, basi iache. Kuna tatizo, afande?"

"Usiiguse tena. Kuna koplo anakuja kuichukua, na wewe uje naye."

Alikata simu, akamsomea Yasmin maelezo yake neno kwa neno, kama taratibu zinavyotaka. Yasmin hakubadilisha kitu. Alitia saini kwenye kila ukurasa kwa mwandiko mzuri wa shule, na kwenye ukurasa wa mwisho akaandika jina lake lote, na la mumewe.

"Atatoka kesho asubuhi," Odeta alisema.

"Alhamdulillahi."

Yasmin alimsindikiza mpaka kwenye mlango wa kutokea barazani, akasimama hapo, maana eda haikumruhusu hatua inayofuata. Nje jua lilikuwa limeanza kupungua makali. Odeta alivaa viatu vyake, na kwa kuwa naye alikuwa mwanamke, alijikuta ameuliza jambo lisilohusu faili.

"Una neno nimfikishie?"

Yasmin alitikisa kichwa. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama machoni.

"Rahim alipokuwa hai nilimwona Shimba mara nne kwa mwaka," alisema. "Sasa nitatoka eda, nitakuwa sina mume, hakuna wa kunizuia ila kaburi lake, na sitamwona tena mpaka nife."